Fuata Uzito: Kukagua Pikapu Iliyotolewa Tosheni na Kuwekwa Koilova

Fundi akikuonyesha springi mpya za rangi nyekundu chini ya pikapu yako, zitazame mara moja kisha uziache. Springi hutoka dukani, na mwenye pesa yeyote anazipata. Kazi ya fundi iko juu yake kidogo, pale kichwa cha springi kinapokutana na chasisi. Wengi hawapaangalii, kwa kuwa sharti ulale chini na tochi mkononi.

Nalisema hili nikiwa Kasindi, mpakani mwa Kongo na Uganda, ambako gari hupimwa na barabara kabla ya kupimwa na mtu. Kutoka mpakani hadi Beni ni kilomita kama 80, kuna mto Semliki wa kuvuka, na ukitoka Beni ziko nyingine zaidi ya 50 hadi Butembo. Juni 2021 Marais Tshisekedi na Museveni walizindua mradi wa kutengeneza njia hizi, nasi tunaufurahia. Lakini udongo wa chini ya Ruwenzori ukinyeshewa unabaki kuwa udongo, na waasi wa ADF wamekwisha kumwaga damu ya wasafiri wengi katika njia hiyo. Kwetu kukwama porini jioni si usumbufu wa kuchelewa chakula. Ndiyo maana nakagua kazi ya mbele ya gari kwa ukali ambao mafundi wengine hawaupendi.

Tuelewane kwanza kuhusu kinachobadilishwa. Tosheni ni nondo ya chuma cha springi iliyolala kando ya chasisi. Mbele imeshikwa na mkono wa gurudumu, nyuma imeshikwa na kishikio chenye bolti ya kurekebisha kimo. Gurudumu likipanda, nondo inajisokota, likishuka, inajinyoosha. Ndivyo zilivyoundwa Land Cruiser 100, Isuzu D-Max za kizazi cha kwanza, Hiace nyingi, na Hilux nyingi za kabla ya toleo la Vigo zenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea. Koilova ni springi ya mviringo iliyovishwa juu ya amotisere, ile ambayo wenzetu wa Tanzania wanaiita shokapu. Toyota wenyewe walihamia huko: Vigo ilikuja nayo, na Land Cruiser 200 ikafuata mwaka 2007.

Sasa jambo lenyewe. Kwenye tosheni, uzito wa gari hausimami juu ya amotisere. Unapita kwenye nondo na kwenda kutulia nyuma, kwenye mhimili wa katikati ya chasisi. Kishikio cha juu cha amotisere kiliundwa kutuliza mrukoruko tu. Ukiweka koilova, kishikio kilekile kinabebeshwa gari. Chukua pikapu ambayo ekseli yake ya mbele inabeba kilo 1,000, yaani 500 kila upande. Springi haikai kwenye gurudumu, hukaa katikati ya mkono. Ikiwa gurudumu likipanda sentimita 10 springi inabanwa sentimita 6, basi kishikio kinasukumwa kwa zaidi ya kilo 800 gari likiwa limesimama tu. Lipige kwenye shimo la barabarani huko Bulongo na namba hiyo inaruka mara kadhaa. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa fundi ni moja: uzito umehamia wapi, na hapo umepaandaaje?

Jibu zuri huonekana kwa macho. Kishikio kipya kina masikio mawili na bolti inapita katikati yao, si sikio moja lenye bolti inayoning'inia upande mmoja kama nguo kwenye msumari. Bamba limeenea kwenye chasisi kwa eneo kubwa, kona zake zimeviringwa, na pembeni kuna vipande vya pembetatu vya kuliegemeza. Welding inakwenda kwa urefu wa chasisi. Ile inayoikata chasisi kutoka juu hadi chini kwa mstari mmoja ni mwaliko wa ufa. Vichwa vya bolti vina namba, 8.8 au 10.9, bolti yenye kichwa kitupu mahali hapo naikataa bila mjadala. Na tazama mkono wa chini pia. Kuna magari ambayo tosheni yake imeshikwa na mkono wa juu, na ule wa chini haukuzoea kubeba. Koilova ikiukalia bila kuimarishwa, utapinda taratibu bila wewe kujua, mpaka tairi zikuambie.

Rangi nzito nyeusi juu ya welding mpya hunitia shaka. Kuna njia ya zamani ya kukiuliza chuma ukweli, na haihitaji mashine. Safisha mahali pale hadi chuma kionekane. Paka mafuta ya taa, subiri kidogo, pangusa pakauke kabisa. Kisha saga chaki nyeupe, uipake juu. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kulowesha chaki. Mwaka jana nilifanya hivyo chini ya Hilux ya rafiki yangu, iliyokwisha kwenda Beni mara tatu tu baada ya kubadilishwa. Kwa dakika nzima chaki ilibaki nyeupe, nikaanza kumwomba radhi kwa kumchelewesha. Halafu kwenye kona ya bamba kikatokea kiuzi cha kijivu, chembamba, urefu wa ukucha. Mwenye gari alikishika kwa kidole akanyamaza.

Jaribio la pili linafanywa springi ikiwa imetolewa na amotisere imerudishwa peke yake. Pandisha gurudumu kwa jeki hadi mkono ugonge mpira wa kuuzuia. Hapo amotisere iwe bado na nafasi ya kubanwa, sentimita moja au zaidi. Ikiwa yenyewe ndiyo inayofika mwisho kwanza, imegeuzwa nyundo, na kishikio chake ndicho msumari. Kisha shusha gurudumu mpaka mwisho, uangalie bomba la mpira la breki: lilegee, lisivutike. Zungusha usukani pande zote ukisikiliza.

Kuhusu viungo vya ncha za koilova, nina msimamo. Vile vya chuma vyenye tufe ndani vinavyopendwa kwenye magari ya mashindano vinasifiwa kwa wepesi wake, lakini vumbi letu na tope letu huviingia na kuvila. Bushi za mpira ndizo zinazofaa huku. Vilevile nampenda fundi aliyechagua springi na amotisere za gari lililojaa barabarani, Vigo kwa mfano, kuliko aliyeagiza kitu cha pekee kutoka ng'ambo ambacho kikifa katika mji wa Mutwanga utakisubiri kwa wiki.

Na fundi aliye bora huenda akakuambia usibadilishe. Watu wengi huja wakilalamika tosheni imechoka, kumbe zilizochoka ni bushi na amotisere. Wengine waliikaza bolti ya nyuma wakidhani wanaifanya nondo iwe ngumu. Bolti ile hupandisha kimo tu. Ugumu hauongezeki hata kidogo, na gurudumu linapoteza nafasi ya kushuka, ndipo gari linapogonga likivuka kila tuta. Anayetaka ugumu anahitaji nondo nene. Unene ukiongezeka kwa asilimia 10, ugumu hupanda kwa karibu asilimia 46. Kwa anayebeba kakao kutoka mashambani na kurudi, mara nyingi hilo linatosha, na chasisi haiguswi na moto.

Kazi ikiisha, uliza nondo za zamani ziko wapi. Kila moja ina upande wake, kwa sababu kiwandani husokotwa mapema kuelekea upande mmoja, ukizibadilisha pande unazivunja. Yuko fundi mmoja niliyemwona akizifuta kutu kwa brashi, akaandika kushoto na kulia kwa rangi ya mafuta, akazifunga ndani ya gunia la kahawa pamoja na vishikio na bolti zake, akamtwika mwenye gari aende nazo nyumbani.