Nia ya Mary Henry katika Mchezo wa Sinema "Carnival of Souls"

Katika lugha yetu sababu na nia ni mambo mawili. Mti huanguka kwa sababu. Hauanguki kwa nia. Mtu akianguka twauliza sababu, bali akiondoka nyumbani usiku pasipo kuaga twauliza nia yake. Kila asemaye Kiswahili aijua tofauti hii, wala haihitaji mwanachuoni wa kuieleza. Walakini nimeona kwamba husahauliwa upesi mno mazungumzo yanapofika kwa mhusika aliyefadhaika nafsi. Niliwaonyesha wanafunzi wangu mchezo wa sinema ulio kichwani mwa makala hii, na taa zilipowashwa wakasema karibu wote kwa kauli moja, "Kumbe alikuwa amekwisha kufa!" Kisha wakafunga madaftari yao. Kwao maneno yalikuwa yamekwisha. Kwangu yalikuwa hayajaanza.

Mchezo huo uliongozwa na Herk Harvey, na hadithi yake ni ya John Clifford. Wote wawili walifanya kazi katika kampuni ya Centron mjini Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, iliyokuwa ikitengeneza picha za mafunzo kwa ajili ya mashule na viwanda. Walitumia kiasi cha dola 33,000 na muda wa majuma matatu hivi, na picha ikaanza kuonyeshwa mwaka 1962. Wakati huo haikupata faida wala sifa; sifa ziliipata hasa mwaka 1989, iliporudishwa katika majumba ya sinema. Umaskini wake waonekana wazi. Baadhi ya wachezaji husema maneno yao kama watu wasomao tangazo ukutani. Lakini kwa bahati njema ugumu huo waifaa hadithi, maana mwanamke anayehisi kwamba watu wote wako mbali naye hana budi kuzungukwa na watu walio mbali.

Hadithi yenyewe ni fupi. Motokaa yenye wanawake watatu yashindana na nyingine, nayo yatumbukia mtoni kutoka darajani. Baada ya saa kadhaa mmoja wao, Mary Henry, atoka majini akiwa amejaa matope, wala hakumbuki aliokokaje. Yeye ni mpiga kinanda cha kanisani. Asafiri kwenda Utah kushika kazi aliyopewa huko, na njiani aanza kumwona mtu mwenye uso mweupe kama wa maiti. Karibu na mji aendao liko jumba la starehe lililoachwa, liitwalo Saltair, kando ya Ziwa Kuu la Chumvi, nalo lamvuta. (Jumba hilo lilikuwapo kweli, lilifungwa mwaka 1958 na kuteketea kwa moto mwaka 1970.) Mwisho maiti wamkamata ufukoni, na mtoni kule Kansas motokaa yatolewa na mwili wake umo ndani.

Basi wanafunzi wangu wana haki kusema kwamba amekufa. Ila hiyo ni sababu. Yaeleza kwa nini maiti wamfuata; haielezi kwa nini yeye akataa kuonana na waumini waliotaka kumkaribisha. Tena wale wasemao kwamba yote ni ndoto ya mtu anayezama wana shida kubwa zaidi. Mary akiisha kutoweka, mchungaji, daktari na polisi wasimama mchangani wakitazama nyayo zake zilipokatikia. Ni ndoto ya nani hiyo, ikiwa mwotaji hayupo?

Na tumwulize basi Mary mwenyewe anataka nini. Kabla ya safari yuko katika kiwanda cha vinanda, na msimamizi wake amnasihi atie roho katika kazi. Yeye asema kwamba kwake hiyo ni kazi tu. Aalikwa apite tena siku nyingine. Asema hana nia ya kurudi. Wengi huyachukua majibu haya kuwa dalili ya ubaridi wa maiti. Mimi nayasikia kwa namna nyingine. Ni majibu ya mtu ajuaye kazi yake, ambaye kila mara hudaiwa kitu kilicho nje ya kazi hiyo. Mchungaji ataka ushirika wake. John Linden, mpangaji wa chumba cha jirani, ataka mwili wake, wala hafichi. Hata mama mwenye nyumba, aliye mwema kuliko wote, ataka mazungumzo. Mary hawachukii watu hawa. Asilolitaka ni kutakwa. Kitenzi chetu kiko tayari kwa maana hiyo: kutaka ni lake, kutakwa ni la wengine juu yake.

Nilipokuwa mwanafunzi katika nchi za ng'ambo nilikaa miaka miwili katika chumba cha kupanga, na kwa miezi ya kwanza nilishukuru kwamba hapana aliyenibishia hodi. Baadaye shukrani ile iligeuka kitu kingine. Nataja jambo hili kwa kuwa ndilo lililonifungua masikio nilipofika katika sehemu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kiini cha mchezo huu.

Mary yuko dukani, ajaribu gauni. Ghafla sauti zote zakatika. Azungumza na mwuzaji, naye hamsikii. Wanunuzi wapita kando yake kana kwamba hayupo. Atoka nje, na mji mzima ni bubu. Katika bustani sauti ya ndege yamrudishia dunia. Tazama kwamba mkasa huu haukumletea mzuka mpya. Ulimpa kile kile alichokuwa akikiomba tangu mwanzo, yaani asitakwe na mtu, na alipokipata kwa ukamilifu kilikuwa ni kifo. Daktari Samuels, anayemchukua ofisini kwake baada ya hofu hiyo, aeleza habari za mshtuko wa ajali na akili kujidanganya. Naye pia atafuta sababu. Mary amwambia waziwazi kwamba hakupata kutamani kuwa karibu na watu, na maneno hayo yapita kama kikohozi.

Tangu hapo nia yake yabadilika, na mabadiliko haya hayawezi kuelezwa na neno "amekufa", kwa sababu alikuwa amekufa kabla na baada. Usiku huo vidole vyake vyapiga kinandani muziki usio wa kanisa. Mchungaji amfukuza kazi, kisha amwambia asiupe kisogo msaada wa kanisa, na sijui kama Clifford aliandika jambo lenye dhihaka kali kuliko hilo. Mary atoka na Linden, mtu asiyempenda, waenda mahali pa dansi na pombe. Wakirejea chumbani amsihi asimwache peke yake. Huyu ndiye aliyekuwa akifunga mlango! Candace Hilligoss, aliyeshika nafasi ya Mary, aicheza sehemu hii vizuri mno: mdomo wamwalika Linden na mabega yamkataa. Halafu katika kioo aona ule uso mweupe mahali pa uso wa Linden, apiga kelele, na Linden aondoka akimdhania ana wazimu. Harvey mwenyewe ndiye aliyeucheza uso huo mweupe, nao wamjia Mary kwa namna ile ile ya mchungaji na mpangaji: hauna neno ila kumtaka.

Ndipo nisipokubaliana na wale wasemao kwamba Mary ana shauku ya mauti na kwamba Saltair ni kwao. Kweli alikwenda kule mchana peke yake, kwa miguu yake, pasipo kuitwa na mtu. Lakini alikwenda kama mtu anayekagua nyumba iliyomtisha usiku, apate kuona kwamba ni mbao na vumbi tu. Hiyo ni nia ya mtu aliye hai. Aliporudi mara ya mwisho aliwakuta maiti wakicheza dansi, na katikati yao akajiona mwenyewe mikononi mwa yule mtu. Kama hapo ndipo alipopataka, angalikaa. Zile nyayo ambazo mchungaji na wenziwe walizitazama kesho yake zilikuwa za mtu mmoja, tena za mtu aliyekuwa akikimbia kulipa kisogo jumba.