Mjuzi wa Njia

Kati ya Lukozi na Rangwi, katika milima ya Usambara, njia za miguu ni nyingi kuliko wapita njia. Zinakata mashamba ya viazi na kabichi, zinapita nyuma ya nyumba za watu, zinazama migombani na kutokea ng'ambo usikotarajia. Nilifuatana na mzee mmoja wa Kishambaa aliyekuwa akiongoza wageni kwenda Mtae. Tulipofika njiapanda alisimama, akavunja kijitawi chenye majani mabichi, akakilaza kuikatiza njia ya kushoto na kukigandamiza kwa jiwe. Kisha akashika ya kulia. Nilipomuuliza, alijibu bila kugeuka: "Wenzetu wako nyuma, mwanangu. Wakifika hapa wajue hatukupita huku."

Kijitawi kile nimekiwaza sana tangu siku hiyo. Anayekiweka lazima azijue njia zote mbili, iendayo na ipotezayo, tena awakumbuke asiowaona. Ni desturi ya kale. Makirangozi wa karne ya 19 waliotangulia misafara kutoka Bagamoyo, kupitia Unyanyembe hadi Ujiji, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, nao waliziba njia zisizofaa ili wapagazi wa mkiani wasipotee. Vitabu vimejaa habari za wasafiri wa Kizungu, akina Burton na Stanley. Wengi wa waliowatangulia porini, bendera mkononi, hata majina yao hayakuandikwa.

Mzee yule aliisoma ardhi huku akizungumza mambo mengine. Mizizi iliyong'arishwa na nyayo ilimwambia kwamba njia bado ina watu. Utando wa buibui uliotanda kifuani asubuhi ulimwambia kwamba tangu jana hajapita mtu. Penye udongo mwekundu ulionyeshewa alikanyaga pembeni, kwenye nyasi, nasi tukafuata nyayo zake. Tulipokutana na kina mama wakitoka gulioni, hakuwarukia kwa swali. Aliwaamkia, akawauliza habari za nyumbani, akauliza viazi vimeuzwaje, ndipo akafikia habari ya mto. Wakamwambia magogo ya kuvukia yamechukuliwa na maji usiku. Tukageukia njia ya juu. Simu yangu iliendelea kuonyesha mstari safi unaoshuka hadi mtoni na kupanda ng'ambo ya pili.

Simu siibezi. Tangu tarehe 2 Mei 2000, Marekani ilipoacha kuivuruga kwa makusudi ishara ya GPS inayotumiwa na raia, chombo cha mkononi kimeweza kumwonyesha mtu alipo kwa kukosea mita chache tu. Kinafanya hivyo hata pasipo mtandao, mradi ramani uwe umeipakua mapema. Usiku wa ukungu, mgonjwa akiwa kwenye machela, hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini setilaiti zinazozunguka kilomita zipatazo 20,000 juu yetu hazina habari za magogo ya mtoni. Chini ya msitu mnene ishara zake hudhoofika, na kwenye makorongo hugonga miamba kabla ya kukufikia, kitone kinachoonyesha ulipo kikahamia mahali usipokuwepo. Na mstari uliomo kwenye ramani ni ushahidi wa mtu aliyepita siku moja, pengine wakati wa kiangazi, miaka kadhaa nyuma. Masika ya mwaka huu hakuyaona.

Kinachoniuma ni namna tunavyopita siku hizi. Gari linakatiza kijiji vioo vikiwa vimefungwa, dereva anaisikiliza simu, na wazee walioketi barazani wananyanyua mikono asiwepo wa kuwajibu. Kijana anaongoza wageni msimu mzima kwa kufuata kitone cha buluu. Ukimwuliza kilima kile kinaitwaje, anainamia kioo. Majina ya vilima, vijito na miti ya kupumzikia, mengi hayamo katika ramani yoyote. Yamo vichwani mwa wazee, na kila tunapozika mzee tunayazika pamoja naye. Kosa ni letu, tuliodhani kwamba anayejua alipo ndiye anayejua njia. Tumeacha hata kuulizana, nasi tulilelewa tukiambiwa kuuliza si ujinga.

Basi, ndugu msomaji, ramani ipakue na chaji ijaze. Ila ukifika njiapanda ya kijiji, simamisha gari, shuka, amkia watu, uliza. Ukitajiwa jina la kilima au kivuko, liandike, kisha liingize katika ramani za wote. Vijana wa Ramani Huria, walioanza kuichora Dar es Salaam mwaka 2015 wakishirikiana na wakazi wa maeneo yanayofurika, wameshaonyesha kwamba kazi hiyo tunaiweza wenyewe. Na wanaojifunza kuongoza wageni milimani watembee kwanza na wazee, masika na kiangazi, kabla ya kukabidhiwa mgeni hata mmoja. Waanze mwaka huu, wazee hao wangali na nguvu za kupanda milima.