Chura wangapi?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Tulipokuwa tukisoma Kijapani hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, niliwasomea wenzangu tafsiri yangu ya haiku ya Matsuo Bashō (1644–1694), ile ya chura, bwawa kongwe na mlio wa maji. Mizani tano, saba, tano, kamili. Makofi! Nikajiona Shaaban Robert mdogo.

Mwalimu akauliza tu: "Chura wangapi?"

Kijapani hakilazimishi nomino kuonyesha umoja au wingi. Kiswahili kinalazimisha: ama chura karuka, ama vyura wameruka. Mimi niliandika umoja bila kuchagua, maana nilitafsiri kutoka Kiingereza, na huko nilishachaguliwa. Tena hata wao hawakukubaliana. Lafcadio Hearn alitia wingi.

Sasa, mtu wa Kyela unamwuliza idadi ya vyura? Kwetu mwezi Machi, mvua ikishajaza majaruba ya mpunga huko Ipinda, usiku ni vyura tupu, hata redio husikii. Basi nikabadili kuwa wingi, kwa fahari ya kwetu. Niliposoma upya nikaona nimeharibu: vyura wote wale wakiruka, ukimya unakufa, na bila ukimya huo mlio wa maji si kitu. Nimerudi kwenye umoja, ila safari hii nimeuchagua mwenyewe.

Jambo la pili ni hiyo mizani. Wanaodai Kijapani kinahesabu silabi kama sisi wanakosea kidogo. Tokyo kwao ni mizani nne, kwa kuwa irabu ndefu huhesabiwa mara mbili. Obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Ukirefusha ovyo umemzeesha mama wa watu. Wenzangu waliokulia Kiswahili kitupu walihangaika sana hapo. Mimi sikio lilikuwa tayari, kwani Kinyakyusa kina irabu saba, na fupi si sawa na ndefu. Hata lugha yao ya heshima haikunitisha: rika langu namwambia "ugonile", mzee, ingawa ni mmoja, "mugonile". Na ndiyo lugha hiyohiyo iliyonivisha kibao shingoni shule ya msingi, kosa kuizungumza.

Mstari wa tatu wa tafsiri yangu mpya una mizani sita. Anayeshikilia tano anionyeshe neno la kuondoa. Mimi nalitafuta tangu muhula uliopita.