Zaburi katika Bahari ya Utenzi: Neno juu ya Kazi ya Mathias Mnyampala

Ashikaye njia kuu itokayo Dodoma kwenda Morogoro hupita Ihumwa, kisha huona kule Mtumba majumba mapya ya wizara za Serikali. Ni wachache wakumbukao kwamba Ihumwa ndiko alikozaliwa, mwaka 1917, marehemu Mathias Mnyampala, Mgogo, Mkatoliki, hakimu, na mmoja wa washairi wakubwa wa lugha yetu. Jina lake hutajwa sana kwa ajili ya ngonjera. Makala hii yahusu kazi yake isiyosemwa mara nyingi, Utenzi wa Zaburi, wa miaka ya 1960. Sikusudii kuipitia ubeti kwa ubeti. Nataka kuuliza swali moja la sarufi ambalo, kwa maoni yangu, wahakiki wa mashairi ya dini wameliacha kando: je, mtu aliye taabuni husema habari za Mungu, au husema na Mungu?

Tuanze na Zaburi ya 23, ijulikanayo hata na wasiosali. Katika aya tatu za kwanza Mungu ni mchungaji, naye hutajwa kwa nafsi ya tatu: yeye ndiye alishaye, yeye ndiye aongozaye. Aya ya nne huingia bondeni mwenye giza, na hapo, pasipo taarifa yoyote, msemaji huacha kiambishi cha a- akashika cha u-. Aliyekuwa akisimuliwa sasa anaambiwa. Sijui mahali pengine ambapo kiambishi kidogo hivi kimebeba mzigo mkubwa hivi. Penye majani mabichi na maji matulivu Mungu aweza kuhadithiwa. Penye hofu hana budi kuitwa.

Sasa, utenzi ni bahari ya kuhadithia. Vipande vinne vya mizani minane, vitatu vya kwanza vyenye kina kimoja, na cha nne kikirudisha kina kile kile tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho: umbo hili lilifanywa liende mbele, kwa vita vya Mitume na visa vya manabii. Dua ina mahali pake, lakini aghalabu mahali hapo ni mlangoni, yaani katika dibaji na tamati. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia bintiye Mwana Hashima utendi wake mwaka 1858, alimgeukia binti kwa mawaidha mengi, na Mungu hutajwa humo kama mwenye haki zake. Kisha mama yule, mgonjwa, huligeuza neno na kumwomba Mola mwenyewe. Mgeuko ni ule ule wa Zaburi ya 23, ila umewekwa mwishoni. (Al-Inkishafi, ambayo si ya bahari hii, hutumia nafsi ya pili kwa wingi, lakini anayeambiwa humo ni moyo wa mtunzi.) Mnyampala, kwa kuzichagua Zaburi, aliitoa dua mlangoni akaileta ukumbini. Hilo ni jambo jipya katika historia ya utenzi, nalo lastahili kuhesabiwa kabla ya kuhesabu makosa ya mizani.

Kiswahili kilimsaidia. Nilipokuwa nikisoma Ulaya nilisikia Waingereza wakimwomba Mungu kwa neno la nafsi ya pili ambalo hawamwambii tena mtu yeyote, hata jirani. Sisi hatuna neno la namna hiyo. U- tumwitiayo mtoto aje kula ndiyo tumwitiayo Mwenyezi. Heshima tumeitia katika majina, Mola, Jalali, Karima, na ukaribu tumeuacha katika kitenzi. Hivyo sentensi moja yaweza kusujudu na kukumbatia kwa pamoja.

Lakini wa karibu hulalamikiwa, na hapa ndipo penye shida. Ayubu wa tenzi za pwani ni kielelezo cha subira. Ayubu wa Biblia husubiri pia, ila hugomba. Na msomaji makini ataona kwamba wale rafiki zake husema sana juu ya Mungu wala hawasemi naye hata mara moja, ilhali Ayubu humgeukia na kumwuliza. Mwishoni ni yeye ahesabiwaye kuwa amenena yaliyo sawa.

Ugogo ni nchi iwezayo kulielewa jambo hili bila mfasiri. Mchungaji, kisima kilichokauka na ng'ombe waliokonda si mafumbo huko. Mwaka ule ule aliozaliwa Mnyampala ulianza Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, na mvua kukosekana. Waingereza walikisia kwamba katika watu 150,000 walikufa 30,000. Kwa watu waliotoka katika hayo, shairi la kumtumaini Mungu lisilo na lalamiko hata moja lingekuwa shairi la mgeni.

Kwa sababu hiyo naiona bahari ya utenzi kuwa laini mno kwa baadhi ya Zaburi. Kina cha mwisho kirudicho daima hutuliza kabla mlio haujaisha, na desturi hutaka tamati yenye shukrani na jina la mtunzi. Zaburi ya 88 haikubali lolote katika hayo. Haina faraja, rafiki wameondoka, na neno lake la mwisho ni giza. Atakayeitia katika mizani minane atajaribiwa kuifariji. Heri avunje kina kuliko kuifariji, maana katika Zaburi hiyo nzima, tangu kilio cha kwanza hadi giza, mlalamikaji hakuiacha u-.