Asilimia Inaposimama

Anayerejesha akaunti ya mteja kwenye paneli ya seva hukodolea macho maandishi mafupi mno: mstari wa rangi, asilimia, na majina ya hatua. Maandishi hayo yana fani yake, na inafaa isomwe kwa makini. Naamini sehemu kubwa ya adha ya urejeshaji wa polepole inatokana na namna unavyosimuliwa.

Tuanze na muundo. Kazi imegawanywa kwa hatua: kufungua bekapu, kuunda akaunti, folda ya nyumbani, hifadhidata, barua pepe, rekodi za DNS. Kila hatua ina mstari mmoja, na mistari yote ina uzito sawa machoni. Lakini rekodi za DNS za tovuti ndogo ni faili moja ya maandishi, huandikwa kufumba na kufumbua, ilhali folda ya nyumbani yaweza kubeba faili laki tatu. Msimulizi anakimbia hadi asilimia 40, kisha anasimama hapo saa nzima bila kutamka neno. Msomaji atajuaje kama kazi inaendelea au imekwama? Wengi hukata tamaa, hubonyeza kusitisha, akaunti ikabaki nusunusu na kazi ikaanza upya.

Kimya hicho kina asili yake. Bekapu nyingi za akaunti hufungwa kwa tar, muundo uliotoka na toleo la saba la Unix mwaka 1979, enzi za kanda za sumaku. Ndani yake kila faili hutanguliwa na kichwa cha baiti 512 chenye jina, ukubwa, mmiliki na ruhusa; hufuata maudhui, kisha kichwa cha faili inayofuata, hivyo hivyo hadi mwisho. Orodha ya yaliyomo haipo. Anayeifungua hajui atakutana na faili ngapi mpaka azipitie zote, na ikiwa imebanwa kwa gzip, kuifikia barua moja iliyo mwishoni kunadai kufumua yote yaliyoitangulia.

Na barua ndizo zinazochosha. Katika mfumo wa Maildir kila ujumbe ni faili yake. Gigabaiti moja ya video ni faili moja, diski huiandika mfululizo. Gigabaiti hiyohiyo ya barua fupi ni makumi ya maelfu ya faili, na kila moja hufunguliwa, huandikwa, hupewa mmiliki na ruhusa, hufungwa. Asilimia inayohesabu baiti itateleza kwenye video na kutambaa kwenye barua. Hifadhidata nayo hufika kama maandishi ya amri, mithili ya tamthiliya iliyochapishwa: kuwa nayo mkononi bado si kuiigiza. Lazima kila amri itekelezwe na faharasa za majedwali zijengwe.

Mwaka 1985 Brad Myers alichapisha utafiti ulioonyesha kuwa watumiaji hupendelea kuwa na kionyeshi cha asilimia kuliko kutokuwa nacho. Sina ubishi na hilo. Ila mwenye duka anayesubiri oda za wateja wake anastahili kuambiwa zaidi ya namba iliyoganda.

Kuna usimulizi bora, na haukuhitaji mapambo. Rsync, programu ya kunakili faili iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, ikitakiwa kuonyesha maendeleo hutaja idadi ya faili zilizobaki kukaguliwa na jumla yake, ikitanguliza alama to-chk. Inapokuwa bado inapekua folda na jumla haijakamilika, matoleo yake ya karibuni huandika ir-chk. Kwa herufi mbili tu msimulizi amekiri kwamba jumla anayoitaja bado inakua. Paneli ambayo ingeandika “folda ya barua, faili 61,240 zimeandikwa, jumla bado haijulikani” ingechukua muda uleule, lakini mtunza seva angekuwa na la kumweleza mteja aliye kwenye simu.