Jina Kabla ya Maelezo: Jamaa ya Katanga na Msamiati wa Uchunguzi wa Dini Mpya

Ikisiri

Makala haya yanahakiki uchunguzi wa Johannes Fabian kuhusu Jamaa, vuguvugu la Kikatoliki lililoibuka Katanga katika miaka ya 1950 na kufundisha kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba uchunguzi huo ulifanikiwa pale ulipoyafuata maneno ya waumini, na ulipungukiwa pale dhana ya karama, iliyotoka nje, ilipoyatangulia maneno hayo. Inapendekezwa kwamba wataalamu wa Kiswahili wauchukue msamiati wa ndani wa mavuguvugu ya kidini kuwa chombo cha uchanganuzi, si data pekee.

Utangulizi

Mnamo Aprili 2023, makaburi yalipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, Kiswahili kilikabidhiwa kazi nzito ya kulitaja lililotokea. Miili zaidi ya 400 ilitolewa ardhini. Miongoni mwa maneno yaliyosikika ni imani potofu na dhehebu potofu. Kivumishi potofu kina uhusiano na vitenzi potoa na potoka. Kinachukulia kwamba ipo njia iliyonyooka na kwamba msemaji anaijua. Anayekitamka amekwisha kuhukumu. Kwa mahakama, na kwa mzazi aliyefiwa, hukumu hiyo ina haki yake. Kwa mchunguzi, inafunga swali kabla halijaulizwa: ni maneno gani yaliyowashika watu wale, na yaliwashikaje?

Taaluma ya dini mpya ilikwisha kukutana na tatizo hili kwingineko. Kuanzia miaka ya 1970, wanasosholojia wa Ulaya na Marekani walizidi kutumia istilahi ya vuguvugu jipya la kidini ili kuepuka majina ya kashfa. Mwaka 1984 Eileen Barker alichapisha uchunguzi wake kuhusu wafuasi wa Sun Myung Moon nchini Uingereza, akaonyesha kwamba wengi wa waliohudhuria semina za kundi hilo hawakujiunga nalo. Maelezo yaliyodai kwamba watu walitekwa akili tu hayakuweza kusimama baada ya hapo. Hata hivyo, istilahi isiyokashifu si lazima iwe istilahi inayoeleza. Upya hutaja umri wa kitu, hautaji kilichomo.

Kiswahili chenyewe kinatoa onyo juu ya safari za majina. Neno madhehebu limetokana na neno la Kiarabu la umoja, lenye mzizi unaohusu kwenda, ambalo hutaja njia ya kifikra katika sheria ya Kiislamu. Wasemaji wa Kiswahili waliisikia silabi ya kwanza kama kiambishi cha wingi cha ngeli ya LI-YA, wakazalisha umoja mpya, dhehebu. Wakristo wakalitumia kwa makanisa yao. Neno lililotaja njia likaja kutaja kundi. Kitawala nalo, jina la vuguvugu lililotokana na mafundisho ya Watch Tower na kuenea Kongo, ni neno la Kiingereza lililovishwa kiambishi ki-, likakaribiana na kitenzi tawala. Katika koloni, jina lenye mwangwi wa utawala halikuweza kusikika kama jina la dini tu.

Vuguvugu na mazingira yake

Jamaa ilianza katika miaka ya 1950 huko Ruwe, karibu na Kolwezi, ikihusishwa na Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyejulikana kwa kitabu chake cha 1945 juu ya falsafa ya Kibantu. Waumini wake wengi walikuwa wafanyakazi wa migodi ya Union Minière na wake zao. Kampuni hiyo, iliyoundwa 1906, ilikuwa imeanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwahimiza wafanyakazi wakae migodini na familia zao. Walitoka Kasai, Ruanda-Urundi na kwingineko. Walikutana katika Kiswahili. Watu waliokuwa mbali na koo zao walijiunga na kundi lenye jina la ukoo. Tempels alirudi Ubelgiji 1962, na vuguvugu likaendelea bila yeye.

Jina lenyewe halikuhitaji tafsiri kwa walioliitikia. Jamaa ni ndugu, watu wa nyumba moja. Katika miaka hiyohiyo, upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, shina hilohilo lilipachikwa kiambishi u- na kuwa jina la siasa ya taifa. Tofauti ni ya kisarufi na ya kijamii kwa pamoja: ujamaa ulitaja hali inayotakiwa kujengwa, jamaa ilitaja watu waliokwisha kuwa ndugu.

Mafanikio ya uchunguzi wa Fabian

Fabian alifanya utafiti wake Katanga mwaka 1966 na 1967, na kitabu chake, Jamaa: A Charismatic Movement in Katanga, kikatoka 1971. Thamani yake ya kwanza ni kwamba kinayachukua mafundisho kama ushahidi mkuu. Katika Jamaa, fundisho halikuwa taarifa kuhusu imani. Lilikuwa tendo ambalo kwalo imani ilipokewa. Mchunguzi aliyeacha kuandika jinsi watu walivyofundishana asingebaki na mengi ya kuandika. Kwa hiyo kitabu kinajengwa juu ya maneno kama uzima, uzazi, mapendo na mawazo, na juu ya uhusiano wa maneno hayo katika usemi wa waumini.

Thamani ya pili inaonekana katika kazi zilizofuata. Makala yake ya 1973 inachunguza jinsi wafanyakazi hao walivyolielewa neno kazi ndani ya mafundisho. Ile ya 1974 inahamia kwenye suala la tanzu: vuguvugu linapozaliwa, aina zake za usemi huzaliwaje? Swali hilo ni la fasihi simulizi kama lilivyo la anthropolojia. Msomaji anayezipanga kazi hizi kwa miaka anaona mwandishi akisogea hatua kwa hatua kutoka kwenye nadharia ya uongozi kuelekea kwenye lugha.

Karama na uzazi

Upungufu uko katika hatua ya kwanza, nao unaonekana tangu kwenye anwani. Dhana ya karama, kama ilivyorithiwa kutoka kwa Max Weber, inaanza na mtu mmoja anayeaminiwa kuwa na kipaji kisicho cha kawaida, kisha inauliza kipaji hicho kinageukaje kuwa taasisi. Fabian hakuipokea dhana hiyo bila kuidadisi, na alitambua kwamba nguvu ya Jamaa haikuwa sifa za Tempels peke yake. Lakini dhana ikibaki kwenye anwani, hubaki pia katika maswali: nani mwanzilishi, nani mrithi, ujumbe ulitoka wapi ukaenda wapi.

Msamiati wa Jamaa ulikuwa na jibu lingine. Mtu aliingia kwa kuzaliwa. Kwa kawaida mume na mke waliongozwa na mume na mke wengine, ambao kwao walikuwa baba na mama. Waliokwisha kuzaliwa waliweza kuzaa wengine. Dhana inayobeba mpango huu ni uzazi, na umbo lake ni hoja tosha. Kitenzi zaa kinatoa mzazi, na mzazi anatoa uzazi. Neno hilo hutaja tendo la kuzaa na pia hali ya kuwa mzazi, na hakuna mzazi asiye na mtoto. Katika maandishi ya Kiingereza na Kifaransa kuhusu Jamaa, uzazi hufasiriwa kwa maneno yenye maana ya rutuba. Tafsiri hiyo si kosa, ila inapunguza: rutuba ni sifa ya kitu kimoja, hata shamba linaweza kuwa nayo; uzazi ni uhusiano wa watu wasiopungua wawili. Vivyo hivyo, mapendo katika umbo lake la ma- hubeba wingi na kupeana kuliko upendo wa mtu mmoja moyoni mwake.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Karama humkalia mtu. Uzazi hukaa kati ya watu. Karama huzua tatizo la urithi mwenye nayo anapoondoka. Uzazi una mfululizo ndani yake. Kuondoka kwa Tempels 1962, ambako kwa nadharia ya karama ni kitendawili cha kuteguliwa, kwa nadharia ya uzazi ni jambo la kawaida: mzazi huondoka, watoto wakabaki, nao ni wazazi.

Pingamizi na jibu lake

Inaweza kudaiwa kwamba mchunguzi anayechukua maneno ya waumini kama nadharia yake anageuka kuwa msemaji wao. Pingamizi hili ni zito, na baada ya Shakahola haliwezi kupuuzwa. Pia ni kweli kwamba dhana ya karama humwezesha mchunguzi kulinganisha Katanga na mahali pengine, jambo ambalo neno la kundi moja haliwezi kulifanya kwa urahisi.

Hata hivyo, kulifuata neno si kulitii. Uzazi ukichukuliwa kwa uzito, unafichua mamlaka kwa ukali kuliko karama. Mtoto hamchagui mzazi. Deni la mtoto kwa mzazi halina siku ya kulipwa likaisha. Na anayemkana mzazi wake hana lugha ya kujitetea mbele ya watu. Vuguvugu linaloandaa uhusiano wake kwa maneno ya ukoo linapata joto la ukoo pamoja na minyororo yake. Mchunguzi anayeuliza nani anaruhusiwa kuwa mzazi, mtoto anaweza kukataa nini, na aliyeondoka anaitwaje, anauliza maswali ya hatari bila kuazima kivumishi potofu. Maswali hayo yanatoka ndani ya sarufi ya vuguvugu lenyewe, na kwa hiyo waumini na waliotoka wote wanaweza kuyajibu.

Nafasi ya taaluma ya Kiswahili

Kilichobaki ni lawama inayowahusu wanaisimu na wahakiki wa Kiswahili zaidi kuliko Fabian. Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 kusimamia usanifishaji ilihusu Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, Kongo haikuwamo. Mpaka huo wa kiutawala ukageuka kuwa mpaka wa kitaaluma. Kiswahili cha Katanga kikasomwa kama lugha ya kazi iliyochanganyika, na kilichosemwa ndani yake kikaachiwa wanaanthropolojia. Mafundisho ya Jamaa ni usemi uliopangwa, wenye istilahi zake, wenye kanuni za nani aseme na nani asikilize. Kwa vigezo vyovyote vinavyotumika kuainisha tanzu za fasihi simulizi, yanastahili kusomwa pamoja nazo. Nafasi yaliyoipata katika mijadala hiyo ni finyu, na sababu si ubora wake, bali lahaja yake.

Hitimisho

Fabian alionyesha kwamba vuguvugu la kidini linaweza kusomwa kupitia maneno yake ya Kiswahili, ingawa aliyaweka maneno hayo chini ya paa la dhana nyingine. Hatua inayofuata ni kuyaruhusu yabebe uchanganuzi. Hilo halina maana ya kuchukua uzazi wa Katanga na kuupachika Kilifi. Kila kundi lina maneno yake, na huenda jambo la kwanza litakaloonekana ni jinsi yanavyotofautiana. Ina maana kwamba mahubiri ya Kiswahili yaliyowafikisha watu msituni yanapaswa kusikilizwa na wanaojua ngeli, mnyambuliko na tanzu, neno kwa neno, kabla ya kupewa jina. Mahakama itaamua nani ana hatia. Ni kwa namna gani sentensi za lugha inayofahamika na wote ziliweza kumfanya mzazi amnyime mtoto chakula ni swali la isimu na fasihi pia, na taaluma ya Kiswahili haiwezi kulikwepa kwa kusema tu kwamba imani ile ilikuwa potofu.