Simba wa Dukani: Kiswahili cha Vikumbusho vya Filamu

Katika masoko ya Gitega na Muyinga, nchini Burundi, mitumba huitwa caguwa. Anayevumilia kupekua marundo yake huweza kukutana na fulana yenye picha ya mwanasimba, au mwanasesere wa ngiri aliyekwisha kuchakaa. Wako wanaovitafuta vitu hivi kwa hamu kwa kuwa vinatokana na filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tuna sababu nyingine ya kuvitazama: vimeandikwa maneno yetu. Basi katika ukurasa huu tunavihakiki kama tunavyohakiki matini nyingine yoyote.

Vikumbusho vya namna hii vina soko lake kubwa ng'ambo. Bustani ya burudani ya Disney's Animal Kingdom ilifunguliwa Florida, Marekani, mwezi Aprili 1998. Ndani yake kuna kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, na humo mna duka la Mombasa Marketplace. Katika hoteli ya bustani hiyo kuna duka la Zawadi Marketplace na jingine la Johari Treasures. Mnunuzi anayesaka vikumbusho vya filamu huko anazungukwa na Kiswahili kila upande.

Tuanze na sifa. Zawadi, Johari na Kidani (jina la sehemu moja ya hoteli hiyo) ni maneno sahihi, yameendelezwa vizuri na yanapendeza masikioni. Simba na Rafiki nao hawana dosari. Pumbaa, kitenzi kilichogeuzwa jina, kimempata mwenyewe. Lakini Harambe imedondosha irabu. Neno ni harambee, kama lilivyoandikwa katika nembo ya taifa la Kenya. Aidha, Nala huelezwa mara nyingi kuwa ni Kiswahili cha zawadi, ilhali Waswahili husema zawadi, tunu au hidaya.

Hata hivyo, hoja yetu kuu si tahajia. Kiswahili cha duka la zawadi ni Kiswahili cha majina matupu. Hakuna kitenzi kinachoambishwa, hakuna kivumishi, na kwa hiyo hakuna upatanisho wa kisarufi. Sentensi maarufu ni moja tu: Hakuna matata. Sentensi hiyo si kosa, na wimbo wa Jambo Bwana wa Them Mushrooms wa Kenya ulikwisha kuieneza mwaka 1982, miaka 12 kabla ya filamu. Kampuni ya Disney iliisajili Marekani kuwa alama ya biashara ya fulana mwaka 2003, na mwaka 2018 watu wengi walitia saini ombi la kuupinga usajili huo. Usajili haumzuii mtu kusema. Linalotutia wasiwasi zaidi ni mwanafunzi kuridhika kwamba, akiisema, amekwisha kukijua Kiswahili.

Mwanafunzi wa Gitega au Muyinga ana nafasi nzuri ya kuliona pengo hili. Kirundi chake kina ngeli na upatanisho: husema umuntu mwiza, abantu beza, kama tusemavyo mtu mzuri, watu wazuri. Akipewa fulana ile darasani, asiulizwe maana ya simba. Aambiwe aandike simba huyu ametoka wapi, aliuzwa kwa bei gani, na wenzake wamekwenda kwa nani. Hapo ngeli ya A-WA itafanya kazi yake, na kikumbusho kitageuka kifaa cha kufundishia.

Jambo hili si mchezo. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Muyinga iko katika njia iendayo mpaka wa Kobero na Tanzania. Mfanyabiashara anayevuka pale hawezi kupatana bei kwa majina ya wanasesere.

Caguwa lenyewe limetokana na chagua, kitenzi cha Kiswahili katika hali ya kuamuru. Soko la mitumba limehifadhi kile ambacho duka la zawadi limekiacha. Walimu wenzetu, tuanzie somo hapo.